Maisha ya Mchungaji Bodelschwingh, Baba wa Betheli

Katika sharika za Bukoba na Muleba jina la Betheli si geni. Wamisionari wa Kiinjili waliofika kwetu mwaka 1910 walitumwa kutoka huko, na baadaye hata watu wa kwetu walikwenda huko kusoma. Ila wengi wetu tukilisikia jina hilo hudhani ya kuwa Betheli ni shule ya dini, au ni nyumba ya wakubwa wa misioni. Sivyo. Betheli ni mji wa wagonjwa. Ulianza kuwa makao ya watu wenye kifafa, ambao jirani zao waliwaogopa. Na misioni iliyotuletea Injili ililelewa nyumbani mwa wagonjwa hao. Yafaa basi wazee wa kanisa, wainjilisti na Wakristo wote, wa hapa Kitendaguro na wa sharika nyingine, wamjue mtu aliyeulea mji ule, maana kazi ya huduma tuifanyayo leo ina mizizi yake huko.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, katika nchi ya Westfalen, upande wa magharibi wa Ujerumani. Jamaa yake walikuwa watu wa heshima tangu zamani. Baba yake, Ernst, alikuwa mtumishi wa mfalme wa Prussia, hata akafanywa waziri. Kwa sababu hiyo mtoto Friedrich alikaa Berlin kwa muda, akacheza pamoja na mwana wa nyumba ya mfalme, yule aliyetawala baadaye siku chache katika mwaka 1888 kwa jina la Kaisari Friedrich wa Tatu. Mtoto aliyelelewa hivyo angaliweza kutafuta cheo cha juu, wala hakuna ambaye angalishangaa. Lakini Mungu alimwongoza kwa njia nyingine.

Alipokuwa kijana alichagua kazi ya ukulima. Alijifunza kulima na kufuga, kisha akawekwa kuwa msimamizi katika shamba kubwa la Gramenz, nchi ya Pommern. Huko aliziona kwa karibu shida za watu wa chini. Vibarua wa shamba walikaa katika umaskini, na pombe iliwaharibu wengi. Bodelschwingh alikuwa akiwagawia watoto wao vitabu vidogo vya dini. Jumapili moja alikisoma mwenyewe kimoja cha vitabu hivyo, nacho kilisimulia habari za mtoto maskini wa Kichina. Kitabu kile kilimchoma moyo, akaona ya kuwa ameitwa kuwa mmisionari. Basi mwaka 1854 aliliacha shamba, akaenda Basel katika nchi ya Uswisi kusoma elimu ya Mungu, na baadaye Erlangen na Berlin. Hata hivyo miaka ile ya jembe haikupotea. Siku zilikuja alipokuwa na mamia ya watu wa kulisha, na hapo alijua habari za udongo, mbegu na ng'ombe kuliko wachungaji wenzake.

Hakupelekwa ng'ambo kama alivyotazamia. Mwaka 1858 aliitwa kwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, awahudumie Wajerumani waliokwenda huko kutafuta kazi. Watu hao walikuwa maskini sana. Wengi walifagia njia za mji, na wengine waliokota matambara yaliyotupwa ili wayauze. Walikuwa ugenini bila mchungaji, na watoto wao walikaa bila shule. Bodelschwingh alikwenda kuishi karibu nao, akaanza na watoto, akawafundisha. Na kwa njia ya watoto akawapata wazazi. Hata ikapatikana shule, na kanisa dogo juu ya kilima cha La Villette. Mwaka 1861 alimwoa Ida, naye akawa mwenzi wake katika kazi na katika majonzi mpaka alipokufa mwaka 1894.

Mwaka 1864 walirudi Ujerumani, akawa mchungaji wa Dellwig, usharika wa mashambani. Huko alifanya kazi ya kila siku ya mchungaji: kuhubiri, kufundisha, kuwatazama wagonjwa, kuzika. Tena alitengeneza gazeti la Kikristo kwa watu wa Westfalen, na katika vita vya mwaka 1866 na vya mwaka 1870 alikwenda kuwahudumia askari. Wakati ule yeye na Ida walikuwa na watoto wanne. Katika mwezi wa Januari 1869 maradhi ya kuambukiza yaliingia nyumbani mwao, na katika muda wa wiki mbili watoto wote wanne walikufa. Nyumba iliyojaa sauti ikawa kimya. Mzazi aliyefiwa hahitaji kuelezwa neno hilo lina uzito gani. Bodelschwingh aliandika kitabu kidogo cha kusimulia maisha na kufa kwao, nacho kiliwafariji wazazi wengine. Husimuliwa ya kuwa wakati ule alitambua jinsi mkono wa Mungu unavyoweza kuwa mzito juu ya mwanadamu, na kwa sababu hiyo akawa mwenye huruma kwa wengine. Baadaye Mungu aliwajalia watoto wengine wanne. Lakini moyo wake haukurudi kuwa kama ulivyokuwa kabla ya Januari ile.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka 1872 aliitwa kwenda karibu na mji wa Bielefeld, kuongoza makao madogo ya wagonjwa wa kifafa yaliyoanzishwa mwaka 1867, pamoja na nyumba ya mashemasi wa kike iliyoanzishwa mwaka 1869.

Wasomaji wetu wanajua kifafa ni ugonjwa gani. Mtu huanguka ghafula, mwili hutetemeka, naye hajui lililompata. Akianguka karibu na moto huungua. Akianguka majini huzama. Watu huogopa kumshika, wakidhani povu la kinywani mwake litawaambukiza, na wengine husema amerogwa. Katika Ujerumani ya wakati ule hofu ilikuwa kama hiyo hiyo. Mtoto mwenye kifafa aliondolewa shuleni, na mtu mzima alikosa kazi, kwa kuwa hakuna bwana aliyetaka mtumishi wa kuanguka mbele ya mashine. Wengi walifichwa, au walifungiwa pamoja na wenye wazimu. Dawa iliyojulikana ilikuwa bromidi peke yake, nayo iliwasaidia baadhi tu. Kwa hiyo mchungaji aliyekabidhiwa watu hao hakuweza kutumaini ya kwamba wengi watapona upesi. Alipaswa kujiuliza watu wasiopona waishi namna gani.

Jibu lake ndilo kiini cha maisha yake. Aliona ya kuwa mgonjwa hateswi na ugonjwa wake tu. Huteswa zaidi kwa kukosa mahali pake kati ya watu, na kwa kukosa kazi ya mikono yake. Mtu apewaye chakula kila siku pasipo kuombwa neno lolote, mwishowe hujiona kuwa mzigo. Basi Bodelschwingh hakuridhika na jumba moja kubwa la vitanda. Alijenga nyumba nyingi, na kila nyumba ilikuwa na jamaa yake, yaani wagonjwa wachache pamoja na mtu wa kuwaangalia kama mzazi. Zikapatikana bustani, mashamba, mazizi ya ng'ombe, tanuri ya mikate, karakana za maseremala, washonaji na washona viatu. Kila mtu alitafutiwa kazi iliyolingana na nguvu zake. Hata yule aliyeweza kukaa kitini tu alipewa kitu cha kuchambua.

Mahali pale pakaitwa Betheli, yaani nyumba ya Mungu, kwa jina la pale Yakobo alipolala njiani na jiwe chini ya kichwa chake, akaamka akajua ya kuwa Mungu yupo hata hapo. Nyumba ya mashemasi wa kike iliitwa Sarepta, kwa kumbukumbu ya mjane aliyemlisha Eliya kwa unga uliobaki. Mwaka 1877 ikaanzishwa nyumba ya mashemasi wanaume, ikaitwa Nazareti. Mashemasi hao hawakukaa Betheli tu. Walitumwa katika sharika na hospitali, wakauguza watu nyumbani kwao. Kwa njia hiyo wasichana wa mashambani, ambao hakuna aliyewahesabia neno kubwa, walipata elimu ya uuguzi na kazi ya heshima katika Kanisa.

Je, fedha zilitoka wapi? Bodelschwingh hakuwa na mali ya kutosha kazi hiyo. Aliomba. Aliomba kwa barua, kwa gazeti na kwa kinywa, hata watu wakamhesabu kuwa mwombaji hodari kuliko wote katika Ujerumani. Lakini hakuwaendea matajiri peke yao. Aliunda chama cha watu waliotoa senti kidogo kidogo, ili maskini naye apate sehemu katika kazi ya Mungu. Tena aliomba vitu vilivyotupwa. Alikumbuka jinsi Bwana Yesu, alipokwisha kuwashibisha makutano, alivyoagiza vipande vilivyosalia vikusanywe. Basi karibu na mwaka 1890 watu wakaanza kupeleka Betheli nguo kuukuu, viatu, vyombo vibovu, na stempu zilizokwisha kutumika. Vitu hivyo vilichambuliwa, vikatengenezwa na kuuzwa. Kwa hiyo kitu kilichotupwa kilimpa kazi mtu aliyetupwa.

Katika miaka ile biashara ya Ujerumani ilianguka, na watu wengi walizunguka barabarani bila kazi. Waliomba mlango kwa mlango, na polisi waliwakamata. Wakristo wengine waliwapa senti moja ili waondoke upesi. Bodelschwingh aliona ya kuwa sadaka ya namna hiyo humwondoa mtu mlangoni pasipo kumponya. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, kijiji katika nyika ya mchanga kusini ya Bielefeld, ambako kila mzururaji aliyetaka alipokewa. Alipewa kitanda, chakula na jembe, akalima nchi iliyokuwa haizai, mpaka apate nguvu na nguo na barua ya kumwombea kazi. Vijiji vingine vya namna hiyo vikaanzishwa mahali pengi Ujerumani. Mwaka 1885 alianzisha chama cha kuwasaidia wafanya kazi wa viwanda waweke akiba kidogo kidogo, wapate nyumba yao wenyewe na bustani, kwa sababu alijua ya kuwa mtu asiye na mahali pake huyumba kwa urahisi.

Sasa tusikie jinsi kazi hiyo ilivyofika Afrika. Mwaka 1886 watu wa Berlin walianzisha chama cha misioni kwa ajili ya Afrika Mashariki. Baadhi yao walipenda ukoloni kuliko Injili, na kazi ilikwenda vibaya. Mwaka 1890 Bodelschwingh aliombwa msaada. Yeye, ambaye ujanani alitaka kwenda mbali asipelekwe, sasa alipata nafasi ya kuwatuma wengine. Alitoa mashemasi wake wa kike na wa kiume, akatafuta wachungaji. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na mwenzake Wohlrab walianza kazi Mlalo katika milima ya Usambara. Mwaka 1896 yakafunguliwa makao huko Lutindi, pia katika Usambara, kwa ajili ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Watoto hao walipokwisha kukua, nyumba zile zikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hivyo mbegu ya Betheli iliota katika udongo wa Afrika, na hospitali ya Lutindi ingaliko hata leo. Mwaka 1906 chama chenyewe kilihamia Betheli, na kwa sababu hiyo kikajulikana kwa jina la Misioni ya Betheli.

Mwaka 1907 Johanssen na wenzake walifika Rwanda, na mwaka 1910 kazi ilianzishwa Bukoba. Hapa hawakukuta shamba tupu. Walikuwapo Wahaya waliokwisha kupata neno la Mungu kutoka Uganda, nao walikuwa wakisoma na kufundishana pasipo mmisionari. Mmoja wao ni Andrea Kajerero. Na vita ya mwaka 1914 ilipokuja, hata wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini, watu kama hao ndio walioshika Kanisa lisiangamie. Yatupasa kulikumbuka jambo hili, tusidhani kwamba huduma ni kazi ya wageni na sisi ni watu wa kupokea tu.

Bodelschwingh hakupumzika katika uzee wake. Mwaka 1903, alipokuwa na umri wa miaka 72, alichaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la Prussia, akawatetea watu wasio na kazi; na mwaka 1907 sheria ikapitishwa ya kuwawekea wasafiri maskini vituo vya kazi. Mwaka 1905 ilifunguliwa shule ya elimu ya Mungu pale Betheli, ili wachungaji wa kesho wasome kati ya wagonjwa. Akafa tarehe 2 Aprili 1910, mwaka ule ule ambao wajumbe wa Betheli walifika kwetu.

Katika shule ile alisoma mtu wa kwetu, Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashenye, ambaye alikuwa askofu wetu tangu mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Baada ya kufa kwa mzee kazi ilishikwa na mwanawe, jina lake Friedrich kama baba yake. Kwake lilikuja jaribu kubwa. Mwaka 1940 serikali ya Hitler ilikuwa inaua kwa siri wagonjwa wa akili na vilema, ikisema ya kuwa hawana faida. Karatasi zililetwa Betheli ziandikwe majina ya wagonjwa na hali zao. Mwana huyo na wenzake walikataa kuzijaza, na wagonjwa wengi waliokoka. Lakini wagonjwa saba waliokuwa Wayahudi walichukuliwa. Neno hilo lasimuliwa kwa huzuni, nalo latuonya. Mahali ambapo watu hupimwa kwa faida yao, mnyonge wa kwanza huondolewa leo, na wa pili kesho.

Ndugu wasomaji, maisha haya yatuuliza nini? Hatuagizwi kujenga mji kama Betheli. Bodelschwingh aliujenga mji ule kwa kuwa viwanda vilikuwa vimetawanya jamaa za watu, na vijiji havikutaka kuwapokea wagonjwa wao. Sisi tunazo jamaa, tunazo koo, tunavyo vibanja. Mgonjwa wetu akikosa mahali, si kwa sababu nafasi haipo. Ni kwa sababu ya hofu na aibu yetu. Tena tuna msaada ambao yeye hakuwa nao. Leo zipo dawa zinazozuia kifafa kwa wagonjwa wengi, zikimezwa kila siku bila kukatizwa. Inajulikana pia ya kuwa povu la mgonjwa haliambukizi. Anayeanguka aondolewe karibu na moto, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani. Tetemeko likizidi dakika tano, apelekwe hospitali mara moja. Hospitali ya Ndolage ya Kanisa letu, na nyingine katika mkoa huu, zipo kwa ajili ya watu kama hao. Lakini daktari hawezi kujua mtoto aliyefichwa katika chumba cha nyuma. Mwenye kujua ni jirani, tena mara nyingi ni mzee wa kanisa wa mtaa ule.

Basi, wazee na wainjilisti, mnapopita nyumba kwa nyumba msiulize habari za sadaka ya mavuno peke yake. Ulizeni ni nani katika nyumba hii asiyekuja kanisani, na kwa nini. Mkimkuta mgonjwa, mjane asiye na mtu wa kumpalilia migomba, kijana aliyerudi kutoka mjini bila kazi, au yatima aliyenyang'anywa kibanja cha baba yake, msimpe shilingi za kumfanya awaache mkaenda zenu. Mtafutieni mahali na kazi. Mwenye kuimba aingizwe katika kwaya, hata kama huanguka. Wenzake watajifunza kumshika. Mwenye mikono apewe jembe na mbegu. Asiye na mtu wa kumsemea mbele ya baraza, usharika umsemee. Na kila nyumba itoe kidogo, kwa kuwa kidogo cha watu wengi ndicho kilichoijenga Betheli.

Bwana wa Kanisa, aliyekaa mezani na watu waliokataliwa, atufumbue macho tuwaone walio karibu na milango yetu, wala asiturudishie hofu yetu tukiisha kuwashika mkono. Amin.